Kabla ya kusema GoldenEye imezeeka, panga padi yako

Kila anayeniambia kuwa GoldenEye 007, gemu ya kufyatua risasi ya jasusi James Bond, haichezeki tena, namuuliza kwanza: padi yako umeipangaje? Wengi hawajagusa kitu. Wameifungua kwenye Nintendo Switch, wakaona Bond anageuka kama lori la mchanga, wakaifunga.

Gemu hii ya studio ya Rare ilitoka mwaka 1997 kwenye Nintendo 64, ambayo padi yake ilikuwa na kijiti kimoja tu. Kazi nyingine zilifanywa na vitufe vinne vya njano. Iliporudi Januari 2023, wa Xbox walikuta vijiti viwili vimeshapangwa kama gemu za leo. Wa Switch tulipewa mpangilio ule ule wa zamani, na vile vitufe vya njano vikahamishiwa kijiti cha kulia.

Dawa yake ni hii. Simamisha gemu. Bond atainua mkono na kutazama saa yake, na mipangilio yote imo humo kwenye saa. Kwenye mpangilio wa padi chagua 1.2 Solitaire. Sasa kijiti cha kushoto kinageuza macho na cha kulia kinatembeza, yaani kinyume cha tulivyozoea. Nenda kwenye mipangilio ya Switch yenyewe, upishanishe vijiti hivyo viwili, kisha upishanishe vitufe vya ZL na ZR ili ufyatue kwa kidole cha kulia. Rudi kwenye saa, na kwenye kutazama juu na chini uweke Upright. Ukimaliza kucheza rudisha padi ilivyokuwa, maana mabadiliko hayo yataifuata hadi kwenye gemu nyingine.

Baada ya hapo utakutana na gemu yenyewe, na nakusihi usiishie kwenye Agent, kiwango chepesi kabisa. Hatua ya kwanza, Dam, ukiicheza kwa Agent una kazi moja tu: fika mwisho wa bwawa, ujirushe na kamba. Ukiicheza kwa kiwango kigumu cha 00 Agent, kuna kengele za tahadhari za kuharibu, modemu ya siri ya kufunga na data ya kunasa. Ramani ni ile ile, lakini sasa unalazimika kuingia vyumba ambavyo ulivipita mbio. Kwangu mimi huu ndio ubunifu mkubwa wa gemu hii, na bado natamani gemu mpya ziuige.

Ila usiicheze kwa fujo. Afya hairudi yenyewe. Kinachokuokoa ni fulana ya kuzuia risasi, nayo ni adimu. Ukifa, unaanza hatua upya. Walinzi wanasikia mlio, kwa hiyo bunduki ya KF7 ukiimwaga ovyo utawaita wote waje. Tumia bastola ya PP7 yenye kizuia sauti, piga risasi moja moja, lenga kichwa. Utaona hata kofia inaruka kichwani mwa mlinzi, na ukimpiga mguuni anarukaruka kwa maumivu. Mwaka 1997 hayo yalikuwa maajabu, na hadi leo yananifurahisha.

Kucheza wanne, kaeni sebule moja mbele ya runinga kubwa, kwa sababu skrini inagawanywa vipande vinne. Switch inaruhusu pia kucheza kwa intaneti, Xbox hairuhusu. Kila mchezaji achague mpangilio wake kabla ya kuanza. Na mkubaliane mapema kwamba hakuna wa kumchukua mhusika Oddjob: ni mfupi mno, risasi uliyoilenga kwa kimo cha mtu wa kawaida inampita juu ya kichwa.