Uliza Tukujibu: Rais kupanda ndege kila mara kuna faida gani?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi msomaji wenu wa Kahama. Huku kijiweni hatuelewani, wenzangu wanasema rais akisafiri ni hela zetu zinateketea tu, balozi yupo, waziri wa mambo ya nje yupo, Zoom ipo, sasa yeye anafuata nini? Mbona JPM, hayati Rais Magufuli, hakutoka nje ya Afrika na nchi ikaenda?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wana hoja, maana msafara wa rais sio yeye na begi lake, kuna walinzi, madaktari, watu wa itifaki, waandishi, alafu kuna wanaotangulia siku kadhaa kabla kukagua mahoteli na njia, na wote hao wanalipwa posho.

JPM ni kweli hakuvuka bara, ila hakukaa ndani tu. Aprili 2016 alifungua daraja la Rusumo pamoja na Rais Kagame akaingia Rwanda, baadae Uganda, Kenya, na 2019 akapita Malawi, Afrika Kusini, Namibia na Zimbabwe. Kule UN alikuwa anatuma watu.

Sasa angalia ya Kenya. 2020 kwenye korona wakatuacha nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wanaruhusiwa kuingia, na sisi tukafungia Kenya Airways, hilo likaja kuisha, Machi 2021 wakazuia mahindi yetu wakisema yana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, wakalegeza kwa masharti lakini mzigo ukawa bado unakwama mpakani. Na mabalozi walikuwepo muda wote huo! Mei 2021 Rais wetu Mama Samia akaenda Nairobi, na Uhuru Kenyatta, rais wa Kenya wakati huo, akatamka mbele ya watu kwamba mahindi yaliyokwama yamalizwe ndani ya wiki mbili. Waziri asingeweza hilo, kwasababu akikubali jambo inabidi arudi akaulize, wa kilimo ana lake, wa biashara ana lake, uhamiaji nao wana lao, ila bosi akisema wote wanasikia siku hiyohiyo. Alafu kitu ambacho watu hawakioni, ziara ikishapangiwa tarehe maofisa wa pande zote wanakesha, faili lililolala mwaka mzima linasainiwa wiki moja maana hakuna anayetaka rais wake afike mikono mitupu.

Sisemi inatibu kila kitu. 2025 sisi wenyewe tukapiga marufuku wageni kufanya biashara kadhaa ndogondogo, Wakenya wakalalamika sana.

Ningekuwa mimi ningekata mikutano ile ya marais kibao, kila mtu anasoma hotuba yake, picha ya pamoja, kwaheri. Hapo makamu au waziri anatosha kabisa.

Na kwenye gharama msiishie kuuliza shilingi ngapi, muulize nani kalipa. Mei 2024 Rais Ruto wa Kenya alialikwa Washington ziara ya kitaifa, Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo tangu Kufuor wa Ghana 2008, ila nyumbani gumzo likawa ndege ya kifahari ya kukodi, naye akajibu serikali imetoa chini ya milioni 10 za Kenya, marafiki wamesaidia. Sasa rafiki gani huyo anamlipia rais ndege, na yeye anataka nini? Hilo ndo la kubishania kijiweni.