Kumpiga picha potwe kwa filamu nyeusi na nyeupe: kwa wanaojiandaa na msimu wao wa kwanza Kilindoni

Kila mwaka, kuanzia Oktoba hivi hadi Machi, potwe, ambao wengine huwaita papa shilingi kwa sababu ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwao kama sarafu, hukusanyika upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, karibu kabisa na Kilindoni, wakifuata uduvi. Ninakuandikia wewe unayevuka kutoka Nyamisati, bandari ya upande wa bara, kwa mara ya kwanza ukiwa na kamera ya majini ya filamu, kwa kuwa makosa ya filamu hujitokeza msimu ukiwa umekwisha, wakati ambapo hakuna tena nafasi ya kuyarekebisha.

Kosa langu kubwa la msimu wa kwanza lilikuwa kutaka samaki mzima aingie katika picha moja. Potwe wa mita saba haingii katika lenzi ya milimita 35 isipokuwa ukae mbali naye, na ukikaa mbali katika maji yale yaliyojaa uduvi na chembe nyingine, unachorudi nacho ni kivuli cha kijivu juu ya kijivu. Maji ya Kilindoni hayana ung'avu wa maji ya miamba ya matumbawe, na uchafu huohuo ndio chakula kinachomleta samaki. Kwa hiyo chagua sehemu ya mwili: kichwa kilichopanua kinywa juu ya maji, au ubavu wenye madoa. Kaa umbali wa mita tatu, na zaidi ya hapo ukiwa upande wa mkia, wala usimguse. Flashi usiitumie kabisa, kwa sababu humsumbua samaki na pia humulika kila chembe iliyo mbele ya lenzi, picha ikajaa vidoa ambavyo si vya potwe.

Kamera kama Nikonos V haikuonyeshi kupitia lenzi kama picha itatoka kali, bila ukungu, hivyo umbali utaukadiria kwa macho. Samaki aliye mita nne huonekana majini kana kwamba yuko mita tatu, na kwa lenzi ya milimita 35 unaweka umbali unaouona, si ule wa kweli, kwa kuwa lenzi inadanganywa na maji kama jicho linavyodanganywa. Saa nne hadi saa sita mchana, jua likiwa juu na bahari imetulia, filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga) hunitosha kwa kasi ya sekunde 1/250 na tundu la lenzi la f/8 karibu na uso wa maji. Una picha 36 tu na huwezi kubadilisha filamu ukiwa ndani ya maji. Msikilize nahodha, anayejua mashua za dagaa zimetega wapi, kuliko kumkimbilia kila samaki.

Tofauti ya weusi na weupe unayoikosa majini utaitafuta wakati wa kusafisha filamu kwa dawa. Filamu ya HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa huhitaji dakika saba na nusu kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Mimi huifikisha dakika tisa, na madoa hujitenga vizuri na ngozi. Maji ya bomba ya pwani yana joto kupita hapo, kwa hiyo weka chombo cha dawa katika beseni lenye barafu na upime kwa kipimajoto, kwani joto likizidi muda hufupika mno na filamu husafika kwa mabaka.

Jambo ninalokusihi zaidi ni kupiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua na juu ya pezi la kifuani. Mpangilio wa madoa mahali hapo hutofautiana kwa kila potwe, hivyo humtambulisha samaki mmoja mmoja, na njia ya kuulinganisha iliyochapishwa mwaka 2005 iliazimwa kutoka hesabu za kutambua nyota katika picha za anga. Picha isiyo na rangi inafaa kabisa kwa kazi hiyo, na samaki huyu ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka tangu 2016. Andika tarehe na saa kwenye bahasha ya kila negativu, kisha kabla ya kuchapisha hakikisha namba za pembezoni mwa filamu zinasomeka sawasawa, kwa maana negativu iliyogeuzwa hufanya ubavu wa kulia uonekane wa kushoto, na potwe huyo hatalingana na kumbukumbu yoyote.