Kampuni mama na tanzu zake: rekodi ngapi?

Ndugu, umeuliza kama mteja wako wa Dar mwenye kampuni tanzu Arusha na Mwanza umwingize mara moja au mara tatu kwenye mfumo wa kumbukumbu za wateja. Mara tatu. Kampuni tanzu imesajiliwa kivyake BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na ina TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Ukiirundika kwa mama, ankara itatoka na TIN isiyo yake na mhasibu wao atairudisha. Mimi nilirudishiwa mbili ndani ya wiki moja. Kwenye Salesforce, programu ya kumbukumbu za wateja, fungua rekodi ya tanzu, kisha mtaje mama kwenye sehemu ya akaunti mama. Tawi tu, lisilo kampuni, libaki anwani ndani ya mama. Na kabla hujafungua rekodi mpya, tafuta kwa TIN, si kwa jina: “Ltd” na “Limited” zitakuzalia mapacha, yaani rekodi mbili za kampuni moja.