Jibu: Vinia kwa meno ya kahawia

Dada, unauliza kama uweke vinia kuficha meno ya kahawia. Kama umekulia Arusha na madoa hayo unayo tangu utoto, huenda ni floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji ya kunywa. Hayatoki kwa mswaki, na mkaa utakukwangulia meno bure.

Vinia ni gamba jembamba la kauri linalogandishwa mbele ya jino. Kinachonitia wasiwasi: daktari kwa kawaida husaga enameli (tabaka gumu la nje la jino) kwanza, kama nusu milimita, na haioti tena. Baada ya miaka 10 hadi 15 hivi unarudi kubadilisha. Ningeulizia kwanza kung'arisha au kupaka rezini (plastiki ngumu yenye rangi ya jino), ni nafuu. Fizi zikitoka damu, zitibiwe kwanza.

Halafu, unafungua soda kwa meno? Unatafuna kichwa cha sato mpaka mifupa? Kauri itameguka.