Usilipie ruta mpya wala megabiti zaidi kabla hujasoma anwani za kompyuta zako

Ijumaa usilipe chochote. Umeandika kwamba ofisi yenu Busia ina kompyuta nane, baadhi zinapata intaneti na nyingine hazipati, printa inaonekana asubuhi na mchana inapotea, umeme ukikatika na kurudi ndiyo hali inazidi kuharibika, na fundi amewaambia ruta imechoka: mnunue mpya na mpande kutoka megabiti 10 hadi 30 za kasi ya intaneti, mlipe Ijumaa. Umeuliza pia antivairasi ipi inafaa na wapi pa kuhifadhi nakala za mafaili. Mimi nashika hili la pesa kwanza, kwa sababu nimeona pesa za ofisi yetu Malaba zikienda kwa maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno.

Fanya hivi leo, kabla hata ya chakula cha mchana. Kaa kwenye kompyuta moja inayopata intaneti na moja isiyopata. Kwenye kila moja bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua lile dirisha jeusi, kisha andika ipconfig /all. Itatoka mistari mingi, usiogope. Tafuta miwili tu: "Default Gateway", yaani geti, kifaa ambacho kompyuta inakipitia kwenda nje, na "DHCP Server", kifaa kilichoipa kompyuta hiyo anwani. Nakili namba za kompyuta zote mbili kwenye karatasi moja, uzilinganishe. Zikitofautiana, kwa mfano moja inasema 192.168.0.1 na nyingine 192.168.1.1, achana na habari za megabiti. Ndani ya ofisi yenu kuna vifaa viwili vinavyogawa anwani, na kimoja hakina njia ya kutoka nje.

Sisi tunaklia mizigo mpakani. Bila intaneti hakuna ASYCUDA, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, na bila ASYCUDA hakuna tamko la forodha linaloingia. Lori limetoka Mombasa, limefika, dereva anapiga simu, mteja anapiga simu, na dada anayeingiza matamko anatazama kialama kidogo cha njano kwenye kona ya skrini. Tukamwita fundi. Hakugusa kompyuta hata moja! Alisimama mbele ya ruta, akaizima, akaiwasha, akashika mfuniko kwa kiganja na kusema, "Hii imechoka, imepata moto sana." Ruta zote zina joto, ndugu yangu. Joto la plastiki si kipimo.

Tukanunua ruta aliyoichagua yeye, kwa bei yake. Siku ile mambo yakatulia, tukamlipa na nauli. Umeme ukakatika, ukarudi, na shida ikarudi nayo. Akaja tena na hoja mpya: watu wamekuwa wengi, kifurushi ni kidogo, pandeni. Bosi akasaini mkataba wa mwaka mzima. Na kumbuka, kifurushi kikipanda, kodi nayo inapanda: tangu Julai 2021, ilipoondolewa OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya Uganda ya shilingi 200 kwa siku, data inatozwa ushuru wa 12%, na VAT ya 18% bado ipo. Tulilipa mara tatu ya tulichokuwa tunalipa na kompyuta zile zile zikaendelea kukosa intaneti. Wakati huo wasichana wetu wanabeba flashi kwenda kafe ya jirani kuingiza matamko ya wateja kwenye mashine ambayo kila mpita njia anaitumia. Mteja mmoja mkubwa wa mchele alihama katika wiki hizo, na hajarudi. Hasara ya ruta naisahau. Ya yule mteja siisahau.

Sasa sikiliza kilichokuwepo. Chini ya meza ya mapokezi, nyuma ya maboksi ya karatasi za printa, kulikuwa na kiruta kidogo cheupe chenye antena mbili, taa ya kijani inapepesa, vumbi limeshika mpaka kwenye matundu. Waya mmoja tu umetoka kwenye tundu lake la njano na kuingia kwenye swichi ya ofisi, kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta zote. Aliyekiweka? Fundi yule yule! Miezi ya nyuma alituuzia ili waifai ifike chumba cha nyuma, akakichomeka kama kilivyotoka kwenye boksi, akaenda zake. Halafu akaja kutuuzia dawa ya ugonjwa alioupanda mwenyewe. Sisemi alifanya makusudi. Nasema hakuangalia, na mtu anayelipwa kuangalia lazima aangalie.

Kazi ya DHCP ni hii: kompyuta ikiwaka inapiga kelele kwenye mtandao mzima, "Nani ananipa anwani?" Kifaa chochote chenye DHCP kinaweza kujibu, na kwa kawaida jibu linalofika kwanza ndilo linalochukuliwa. Kile kiruta kidogo kilikuwa kinajibu, "Chukua namba hii, na njia ya kwenda nje nipitie mimi." Yeye mwenyewe hana waya wa kwenda nje. Ni sawa na kumwelekeza dereva wa trela kwenye geti lililochorwa ukutani: hata ukimpanulia barabara iwe ya njia nne, gari halipiti. Ndiyo maana megabiti hazikusaidia kitu.

Na ndiyo maana umeme ulionekana mchawi. Ukirudi, vifaa vyote vinaamka pamoja. Kiruta kile chepesi kilikuwa kinawaka haraka, ruta kubwa bado inatafuta laini ya nje, na kompyuta zinazoamka katika nafasi hiyo zinanaswa. Printa nayo hivyo hivyo: ikipata namba ya 192.168.1 na wewe una ya 192.168.0, hamwonani hata kama mko meza moja.

Kuna mtego mmoja hapa, usome taratibu. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani zile zile, 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kwa hiyo vifaa vyako viwili vinaweza kuwa na namba moja na karatasi yako ikaonyesha usawa wa uongo. Kwa hiyo namba zikilingana, andika arp -a kwenye kompyuta zote mbili na utazame ile "Physical Address" iliyo mbele ya namba ya geti. Ni herufi na tarakimu kumi na mbili kwa jozi, na kila kifaa kina yake. Zikitofautiana, mgeni yupo, yaani kile kifaa cha pili kinachogawa anwani. Ulinganishe na karatasi iliyobandikwa chini ya ruta yako halali; isiyofanana nayo ndiyo unayoitafuta.

Kumtafuta hakuhitaji fundi. Subiri jioni watu wakitoka. Acha ruta na kompyuta moja tu kwenye swichi, chomoa waya nyingine zote. Andika ipconfig /release kuachia anwani, halafu ipconfig /renew kuomba upya, soma namba. Ikiwa sawa, rudisha waya mmoja na urudie hatua hizo. Kwa sababu mgeni si lazima ashinde kila mara, rudia zaidi ya mara moja kwa kila waya, hasa ule usiojua unakwenda wapi. Waya ambao namba zinabadilika baada ya kuurudisha, ufuate kwa mkono mpaka mwisho wake, chini ya meza, nyuma ya kabati, juu ya dari. Sisi tulikuwa na uhakika kwamba waya ule ni wa mashine ya kutoa kopi.

Ukikipata, si lazima ukitupe. Unganisha kompyuta nacho peke yake, ingia kwenye mipangilio, zima DHCP, na ukipe anwani isiyogongana na ya kitu kingine, tuseme 192.168.0.2 kama ruta kubwa ni 192.168.0.1 na haigawi namba hiyo. Ukirudishe kwenye swichi kwa tundu la LAN, yaani la waya za ndani ya ofisi, waifai ya chumba cha nyuma itaendelea. Vingi vya siku hizi vina hali ya "Access Point" inayofanya hayo kwa kubofya mara moja. Badilisha na nywila ya kiwandani hapo hapo.

Je, kama namba zote ni sahihi? Basi endelea kupima kutoka ndani kwenda nje. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta haikujibiwa na mtu. Tazama waya, tundu la swichi, au kama DHCP ya ruta imezimwa. Anwani ikiwa nzuri, andika ping na namba ya geti, uone kama linajibu. Geti likijibu na 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje, isijibu, hapo ndipo unapiga simu kampuni ya intaneti, na unawaambia ulichopima, wasikuzungushe. 8.8.8.8 ikijibu lakini kurasa hazifunguki kwa jina, ni DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Taa zote za swichi zikipepesa kwa fujo bila kupumzika na ofisi nzima imesimama, tafuta waya ambao ncha zake zote mbili zimeingia kwenye swichi hiyo hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo inayotibiwa na megabiti 30.

Fundi wenu akija, kabla hajafungua begi, mwombe akuonyeshe "Default Gateway" ya kompyuta mbovu na ya nzima. Akikuambia hilo halina maana, mshukuru, mpe soda, aende. Na bosi akikuhimiza, mwambie risiti ya ruta inaweza kusubiri hadi Jumatatu, ruta hazitaisha madukani.

Nawe ukishapima, andika hapa chini namba nne: geti na DHCP Server za kompyuta ya kwanza, na za ya pili. Hizo ni anwani za ndani, hazina siri ya kumdhuru mtu. Leo niko mezani mpaka saa kumi na moja jioni, nitazisoma mara tu utakapoziweka.