Anza na Msitu wa Nyuma ya Nyumba Yenu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Korogwe aliniandikia: "Dada, napenda sana wanyamapori lakini sijawahi kuingia hata hifadhi moja. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, ila swali limenikaa moyoni. Najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo, ya kuongoza watalii au kufanya utafiti, na mnajiona mmechelewa kwa kuwa hamjamwona simba.

Mimi nimekulia Amani, Usambara Mashariki. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na shamba la iliki, na baada ya iliki ni msitu. Tembo nilimjua kwenye picha za vitabu vya shule. Lakini hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, nilimtambua kwa mvumo wa mabawa kabla hajatokeza juu ya miti. Babu alinionyesha tundu kwenye shina kubwa ambamo jike alikuwa amejifungia kwa tope, akabakiza ufa mwembamba wa kupokelea matunda anayoletewa na dume. Kila nikitoka shule nilipitia pale. Nikagundua kwamba chini ya lile tundu mbegu zilizodondoka zilikuwa zinaota, na miche mingi ilikuwa ya mhesi.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu alitufundisha kuwa mhesi si mti wa asili wa Usambara. Uliletwa, ukapandwa, na hondohondo ni miongoni mwa wanaousambaza hadi kwenye mapengo yaliyoachwa na ukataji wa magogo. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilikuwa nimekwisha kuyaona kwa macho yangu nikiwa na sare ya shule ya msingi. Siku ile nilijiona tajiri.

Halafu nikaenda kuomba kazi kwenye kampuni moja ya utalii. Mhojaji aliniuliza nimewaona wangapi kati ya wale wanyama wakubwa watano: simba, chui, tembo, nyati na kifaru. Nikamweleza kuhusu mbega, kuhusu kinyonga wetu ambaye dume lake lina pembe tatu. Akacheka mbele ya wenzake, akasema hakuna mgeni anayelipa hela kuangalia kinyonga. Bado linaniuma, sitaficha.

Mwezi uliopita nimewatembeza wageni waliotoka Ulaya kwa ajili ya ua moja dogo la zambarau. Kwao limejaa kwenye vyungu vya madirishani. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huku mwaka 1892 akalipeleka kwao, na kwa jina lake likaitwa Saintpaulia. Niliwapeleka kwenye mwamba wenye kivuli ninaoujua tangu utotoni. Mama mmoja alilia. Nilitamani yule mhojaji angekuwepo.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kusubiri Serengeti. Jueni msitu wenu, hata kama ni kichaka cha makaburini. Muulize bibi jina la kila mti kwa lugha ya nyumbani, uliandike, la kitaalamu utalipata baadaye. Rudi palepale kila mara. Na ukiujua, utetee! Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, lakini tangazo halizuii shoka kama sisi tuliozaliwa pale tumenyamaza. Watu wa Tanga wanakunywa maji ya Mto Zigi, unaoanzia milima hii. Mtoto anayewapiga vinyonga mawe leo ndiye atakayekata msitu huo kesho, na wazazi tunaangalia tu.

Wewe wa Korogwe una Mto Pangani hapo mjini. Nenda alfajiri, tafuta mkuyu wenye matunda, kaa kimya karibu yake mpaka jua lipande. Ukiona ndege usiyemjua, niandikie kwanza mdomo wake ulivyo, anakula nini na analiaje. Rangi iwe ya mwisho, maana kwenye kivuli rangi hudanganya.