Jibu: Kwa nini Joe Mauer aliacha kudaka mapema?

Mkuu, umeuliza kwa nini Mauer, mchezaji wa besiboli wa Minnesota Twins ya Marekani, alihamishiwa besi ya kwanza (kulinda kituo cha kwanza cha wakimbiaji) wakati alikuwa mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira) aliyeshinda taji la wastani wa kupiga la American League, moja ya ligi kuu mbili, mara 3 (2006, 2008, 2009). Wengi hutaja magoti, na kweli la kushoto lilifanyiwa upasuaji 2004, msimu wake wa kwanza. Ila kilichomtoa ni kichwa. Agosti 2013 mpira uliochongwa na gongo (ulioguswa kidogo tu na gongo la mpigaji) ulimpiga kwenye barakoa, akapata mtikisiko wa ubongo. Kuanzia 2014 akawa mlinzi wa besi ya kwanza.

Mpira wa namna hiyo ni mbaya kuliko unaokuja moja kwa moja, kwa sababu unabadili njia karibu sana na uso na hakuna muda wa kukwepa. Barakoa huokoa meno na pua. Ubongo bado unatikisika ndani ya fuvu.

Vidole navyo vimo hatarini. Besi zikiwa tupu, yaani hakuna mkimbiaji, mkono wa mdakaji usio na glavu unafichwa nyuma ya kifundo cha mguu. Kukiwa na mkimbiaji, unakunjwa ngumi nyuma ya glavu, tayari kurusha hadi besi ya pili, takriban mita 38.8. Wanaouacha wazi pembeni ndio wanaovunjika.

Kuhama kuna gharama yake: besi ya kwanza klabu hutaka homurani nyingi (mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote), na Mauer hakuwa mtu wa homurani. Mdakaji mwingine, Yadier Molina, alibaki kudaka klabu ya St. Louis Cardinals hadi 2022, misimu 19, maana thamani yake kubwa ilikuwa ulinzi.